Lugha na Tarikh ni Somo Moja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa ulimi na kalamu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Mzee mmoja miongoni mwa jamaa zetu wa Mombasa, ambaye alihamia Nairobi kwa kazi na sasa akaa Kangemi pamoja na wajukuu zake, alituweka faragha baada ya sala ya Isha akatuuliza swali. Alisema: "Sheikh wetu, mimi nawaleta wajukuu zangu kwenu kila Jumamosi mpate kuwasomesha dini. Nao wakirejea nyumbani wanihadithia mambo ya Waiyaki na Harry Thuku, na ya kwamba mumewapa insha ya kuandika kwa Kiswahili. Hayo si kazi ya skuli? Saa hiyo hamngeliitumia kwa Qur'ani?"

Swali hili ni la haki, na aliyeuliza ameuliza kwa uchungu wa dini na wa wajukuu zake. Twajua pia kuwa wako wazee wengine wenye swali hilo hilo ila waona haya kulitamka. Kwa hivyo twalijibu hapa, ili kila mtu apate fungu lake.

Jibu fupi ni kuwa hatukuipunguza Qur'ani hata dakika moja. Saa hiyo tumeiongeza, haikutolewa penginepo. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu mwenye akili, basi na tulieleze lile refu.

HALI TULIYOIKUTA

Watoto tunaowakusudia ni wale wenye miaka 10 mpaka 14, yaani wale wa gredi ya 4 mpaka ya 9. Huo ndio umri ambao mtoto ametoka katika kujifunza herufi, na bado hajafika katika kuchagua njia yake ya maisha. Katika umri huo moyo wake ni kama udongo mbichi, na alama itakayotiwa ndiyo itakayokauka nayo. Katika mtaala mpya wa Kenya, ambao gredi ya 7 yake ilianza Januari 2023, watoto hawa husomeshwa Kiswahili, Kiingereza na Mafunzo ya Jamii, na ndani ya Mafunzo ya Jamii ndimo iliyotiwa tarikh ya nchi. Hatusemi basi kuwa skuli haisomeshi. Twasema kuwa kuna pengo, na tumeliona kwa macho yetu.

Siku ya kwanza ya darsa tuliwauliza watoto kumi na wawili: Waiyaki ni nani? Wote walinyamaza. Kisha mmoja wao akajibu: "Sheikh, Waiyaki si mtu, ni barabara." Wenziwe wakacheka, lakini hapana hata mmoja aliyekuwa na jibu lililo bora kuliko hilo. Na watoto hawa wa Kangemi, kila wakishuka mjini hupita barabara hiyo ya Waiyaki Way, na kila wakirejea hupita hiyo hiyo.

Tukawauliza tena: Waingereza walikuja nchi hii kwa sababu gani? Hapo wengi wakainua mikono, wakatuhesabia sababu tano kwa Kiingereza, moja baada ya moja, kama mtu anayehesabu tasbihi. Tukawaambia: Haya, tuelezeni moja tu kati ya hizo kwa maneno yenu wenyewe, kwa lugha yoyote muipendayo. Hakuna aliyeweza.

Kisha tukatazama daftari zao za insha za Kiswahili. Tukaona kuwa kila insha yaanza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, ikiwa ni insha ya harusi au ya ajali. Ndani yake mna methali tatu au nne zilizopachikwa mahali pasipokuwa pake, kwa kuwa mtoto ameambiwa kuwa methali zaleta alama. Maneno yalikuwa mazuri, lakini hamkuwa na khabari. Mtoto hakuandika alichokiona wala alichokisikia. Aliandika alichokikariri.

Hapo ndipo tulipotambua kuwa maradhi haya mawili ni maradhi mamoja. Tarikh ya mtoto imekuwa ni orodha kwa sababu hana lugha ya kuielezea, na lugha yake imekuwa ni pambo kwa sababu hana jambo la kulieleza. Dawa basi ni kuyakutanisha mawili haya, ili tarikh iipe lugha kazi ya kufanya, na lugha iipe tarikh ulimi wa kusema.

WALIVYOSEMA WATANGULIZI

Wala hili si jambo la uzushi. Ibn Khaldun katika Mukaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza namna watu wa nchi mbali mbali walivyowafunza watoto wao. Ametaja kuwa watu wa Maghrib waliwafunza watoto Qur'ani peke yake wala hawakuichanganya na jambo jengine, na watu wa Andalus waliichanganya na mashairi, uandishi na kanuni za lugha. Kisha akaonyesha natija ya kila njia, kuwa wale wa kwanza walipungukiwa katika lugha, na wale wa pili wakapata ustadi wa kalamu. Akamtaja pia Kadhi Abubakar ibn al-Arabi, aliyetaka mtoto aanzie lugha na mashairi kabla ya yote. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, lakini akasema kuwa ada za watu haziikubali, kwa kuchelea mtoto asije akakatizwa masomo akakosa Qur'ani kabisa.

Sisi tumeshika njia ya katikati. Qur'ani ni ya kwanza, na kwa wakati wake kamili. Kisha ndiyo saa ya lugha na tarikh.

Na hapa kwetu pwani tunaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Alikuwa mwanachuoni wa dini, na pamoja na hayo alitoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, akawasemeza watu kwa Kiswahili chao juu ya mambo ya zama zao, na akaandika kitabu cha tarikh ya Mazrui. Laiti angelidhani kuwa lugha na tarikh si kazi ya mwanachuoni, leo tungelikosa mengi.

JUU YA LUGHA

Binti mmoja wa miaka 11 alituletea daftari yake huku amekunja uso. Alikuwa ameandika insha juu ya nyanya yake wa Mombasa, na ndani yake akaandika kuwa nyanya humwita akisema: "Ndoo mwanangu, nikutie wanja wa mato." Mwalimu wake wa skuli akayapiga mstari mwekundu maneno mawili, akaandika juu yake "njoo" na "macho".

Hatumlaumu mwalimu huyo. Mtihani wataka Kiswahili sanifu, naye yampasa amtayarishe mwanafunzi wake. Lakini yule binti alituambia neno lililotuuma. Alisema: "Kumbe nyanya hajui Kiswahili."

Tazameni, ndugu zetu, mstari mmoja mwekundu umefika wapi! Umeondoka katika daftari ukaingia baina ya mtoto na nyanya yake.

Basi siku hiyo tuliacha tuliyokuwa tumeyapanga, tukawasomesha watoto tarikh ya Kiswahili sanifu. Tuliwaambia kuwa mwaka 1928 ulifanywa mkutano mjini Mombasa wa kutafuta Kiswahili kimoja cha kuandikia vitabu vya skuli katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kikachaguliwa Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kabla ya hapo Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wake. Kamusi kubwa ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 msingi wake ni Kiswahili cha Mombasa. Na Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita hicho hicho chenye "mato" na "ndia", wala hapana mtu leo anayethubutu kusema kuwa Muyaka hakujua Kiswahili.

Kuchaguliwa Kiunguja basi kulikuwa ni kwa maslaha ya kuandika kwa umoja, na maslaha hayo twayakubali. Hakukuwa ni hukumu kwamba wasemao vingine wamekosea.

Kisha tukamrudishia binti daftari yake tukamwambia aandike tena. Masimulizi yake mwenyewe ayaweke kwa Kiswahili sanifu, na maneno ya nyanya yake ayaweke ndani ya alama za kunukuu, kama nyanya alivyoyatamka. Akafanya hivyo. Insha yake ikawa sahihi kwa mtihani na ikawa ya kweli kwa nyanya yake. Na wenziwe wote wakajifunza siku hiyo kazi ya alama za kunukuu, ambayo ni kuuhifadhi ulimi wa mtu mwengine kwa uaminifu.

Hivyo ndivyo tunavyowaambia hata juu ya Sheng wanayosema njiani. Hatuitukani, kwa kuwa matusi hayafunzi kitu. Twawaambia kuwa kila mahali pana maneno yake, na kwamba aliye na lugha moja tu ya mtaani ni kama mwenye kanzu moja, atakwenda nayo shamba na atakwenda nayo harusini.

Wala tusisahau kuwa mashairi ya Muyaka yangelipotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka katika vifua vya watu na kuyaandika, akisaidiana na Mwingereza mmoja, mmisionari William Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, na kitabu kikatoka chapa mwaka 1940. Funzo lililomo ni kuwa, kama huandiki yaliyo yako, mshukuru basi atakayekuandikia.

JUU YA TARIKH

Sasa na turejee kwa Waiyaki. Tuliwaeleza watoto kuwa Waiyaki wa Hinga alikuwa mkubwa wa Wakikuyu wa upande huu wa Dagoretti. Mwaka 1890 alifika kwake Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza, akitoka Mombasa na msafara wenye wapagazi wa pwani. Wakala kiapo cha udugu. Lakini watu wa Kampuni hawakukaa kwa wema na wenyeji, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome yao iliyoitwa Fort Smith, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi.

Katika kufa kwake ndipo palipo na riwaya mbili. Waandishi wa Kiingereza wasema alikufa kwa majeraha na ugonjwa njiani. Na Wakikuyu wamepokea kwa wazee wao kuwa alizikwa hali ya kuwa hai, kichwa chini.

Watoto wakauliza kwa pamoja: "Ipi ndiyo ya kweli, Sheikh?"

Hatukuwajibu. Tuliwauliza sisi: Je, msomapo hadithi ya Mtume, jambo la kwanza mtazamalo ni lipi? Wakasema: "Isnadi." Naam. Ni nani aliyesema, naye alipokea kwa nani, je alikuwapo, je ni mkweli, je ana maslaha yake katika khabari hiyo? Kisha latazamwa tamko lenyewe, je laingia akilini na je laafikiana na yanayojulikana? Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat ametuamrisha kuipeleleza khabari kabla ya kuijengea hukumu, na maimamu wetu wa hadithi wamefanya kazi hiyo kwa namna ambayo ulimwengu wote wawaonea ajabu. Elimu hii ni ya kwetu. Mbona twaiacha mlangoni mtoto anapofungua kitabu cha tarikh?

Ibn Khaldun aliwalaumu wanatarikh waliokubali kuwa jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000. Alipiga hesabu ya nchi inaweza kulisha wangapi, na uwanja waweza kuingiza wangapi, akaikataa idadi hiyo. Watoto walipenda sana mfano huu, kwa kuwa waliona kuwa hata hesabu ya darasani ni silaha ya mtafuta ukweli.

Basi tuliwaagiza waandike riwaya zote mbili za Waiyaki, kila moja na msemaji wake, na mwishoni kila mtoto aseme ameelekea wapi na kwa sababu gani. Walioandika insha hizo ni wale wale waliokuwa wakianza kwa jua kuchomoza. Safari hii hapana aliyelitaja jua.

MATEMBEZI YA MJINI

Jumamosi moja, kwa idhini ya wazazi, tuliwachukua watoto mpaka katikati ya mji. Tulisali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, kisha tukasimama nje katika njia ya Banda. Hapo pana majumba mawili jirani, msikiti na Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Tuliwaeleza kuwa maktaba hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao, na kwamba Mwislamu aliyetoka kusali hapa angeweza kuliona jumba la vitabu kwa macho yake na asiweze kukanyaga ngazi yake. Leo mlango wake u wazi kwao. Tukawauliza ni wangapi walioingia, na hapana hata mmoja. Tukasema: Zamani tulizuiliwa kwa sharia, na leo tumejizuia wenyewe.

Kutoka hapo tulikwenda mpaka upande wa Chuo Kikuu, kwenye njia iitwayo kwa jina la Harry Thuku. Yeye alikuwa karani aliyesimama kupinga kipande na kodi na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke, akawatolea wanaume maneno makali ya kuwatia ari. Wakapigwa risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu 21, na Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Tulipowatajia kuwa miongoni mwa wenziwe katika chama chake alikuwamo Abdalla Tairara, watoto waligeuka wakatazamana. Walikuwa wakidhani kuwa tarikh ya Nairobi ni ya watu wengine, nao ni wageni waliokuja kuitazama.

Jumamosi nyengine tulikwenda Kibra. Huko mzee mmoja wa Kinubi aliwaeleza jinsi babu zao, askari kutoka Sudan waliokuwa katika jeshi la Waingereza, walivyokaa katika msitu ule tangu mwaka 1904, na kwamba ni mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipopewa hati ya ekari 288. Watoto waliandika maneno ya Kinubi waliyoyasikia, wakayalinganisha na Kiarabu cha chuoni. Hilo nalo lilikuwa somo la lugha na tarikh kwa pamoja.

SWALI LILILOTUSHINDA

Sasa twafika mahali pazito, na hatuoni vyema kupapita kimya kimya.

Kijana mmoja, ambaye mamake ni Mgiriama na babake ni mtu wa Lamu, alituuliza mbele ya wenziwe: "Sheikh, kitabu cha skuli chasema kuwa Waarabu na Waswahili waliuza watu. Ni kweli?"

Tulimjibu kuwa hayo ni maneno yaliyokuzwa na wamisionari, kisha tukageuza mazungumzo. Kijana akanyamaza. Lakini usiku ule hatukupata raha. Tulijiuliza: Jana tuliwafunza isnadi, na leo sisi wenyewe tumeikimbia? Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa ametutaka tusimame na haki tushuhudie hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Sisi tulishuhudia juu ya Lugard, na ilipofika zamu ya watu wetu tukageuza shingo.

Jumamosi iliyofuata tulianza darsa kwa kukiri kosa. Tulimwambia yule kijana mbele ya wote: Ulituuliza swali la haki, nasi tulikujibu jibu la woga. Ni kweli. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba mwaka 1873. Mashamba ya nafaka ya Malindi katika karne ile ya 19 yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa katika sharia ila mwaka 1907. Wenye mashamba hayo wengi walikuwa Waislamu, waliosali na kufunga kama sisi. Ni kweli pia kuwa Wafaransa walinunua watu kwa visiwa vyao, na Wareno kadhalika, na kwamba wako wamisionari waliokuza khabari kwa makusudio yao. Lakini dhambi ya jirani haitoharishi mlango wetu. Dini imehimiza kuacha huru, na kumteka mtu aliye huru na kumuuza ni haramu, na yaliyofanywa katika misafara ile yalikuwa ni dhulma. Wajukuu wa waliouzwa leo wako katika safu zetu za sala, bega kwa bega na sisi, nao wana haki ya kusikia ukweli kutoka katika ulimi wa sheikh kabla ya kuusikia kwa mwengine.

Tumejifunza hapo jambo tunalowausia walimu wote. Mtoto akikupata umemficha ukweli ulio juu yako, hatakusadiki tena utakapomwambia ukweli ulio juu ya mwenzio, wala ukweli ulio kwa faida yako.

Maana iko pia haki yetu inayosahauliwa, na hiyo nayo yafaa isemwe. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani sana kabla ya kuja skuli za Kizungu, na hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Na kila mtoto wa Kenya ajua tarehe 12 Disemba 1963, lakini ni wachache wanaojua tarehe 8 Oktoba mwaka huo huo. Ukanda wa pwani ulikuwa ni wa Sultani wa Unguja, ukitawaliwa na Waingereza kwa mapatano ya mwaka 1895. Siku hiyo ya Oktoba yaliafikiwa mapatano ya kuuingiza katika Kenya huru, na Kenya ikaahidi kuhifadhi mahakama za makadhi na uhuru wa dini. Mahakama hizo zimo katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, na Kiswahili ni lugha ya taifa kwa kifungu cha 7. Mtoto asiyejua asili ya haki zake huziona kuwa ni hisani, na hisani huombwa kila siku upya.

WASIA KWA WAZAZI NA WALIMU

Kwanza, kila mtoto aandike khabari moja ya mzee wake kabla mzee huyo hajatutoka, na aandike amesikia kwa nani, wapi na lini.

Pili, kila usiku mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiswahili kizuri. Mzazi asiyejua kusoma naasikilize, kwani kusikiliza kwake ndiko kutakakomhimiza mtoto.

Tatu, msimdharau mwalimu wa skuli mbele ya mtoto. Mwendeeni, muulizeni asomesha nini, mumsaidie.

Nne, mabinti na wavulana wawe sawa katika hili. Katika darsa letu insha iliyotufunza zaidi ni ya binti.

Tano, msiwapige kwa sababu ya makosa ya kalamu. Ibn Khaldun ameeleza kuwa mtoto anayefunzwa kwa ukali hujifunza hila na uwongo ili kujikinga, na mwongo hafai kuwa mwanatarikh.

Na kumrejea mzee wetu wa Kangemi, tulipomaliza kumweleza haya tulimuuliza: Wewe mwaka 1963 ulikuwa wapi? Akasema alikuwa mtoto wa miaka minane mjini Mombasa, na kwamba aliizoea bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa, mpaka siku moja akatazama asiione. Tukamwambia: Wajukuu zako wamelisikia hilo? Akafikiri kidogo, kisha akasema: "La. Hawajaniuliza, nami sikuwaambia."

Jumamosi iliyopita alikuja yeye mwenyewe, akaketi mbele ya watoto akawahadithia, na mjukuu wake ndiye aliyeshika kalamu. Alipotamka "ndia" mjukuu aliandika "ndia", akaitia ndani ya alama za kunukuu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi ulimi wa kweli, juu ya wengine na juu ya nafsi zetu. Amin. Wabillahi tawfik.